Mchezo Hauishi Pazia Lifungwapo

Ndugu msomaji, ukitoka uwanjani jioni ya Jumapili hutembei hatua kumi kabla hujasikia uhakiki. Huyu anamlaumu mlinda mlango, yule anamtetea mwamuzi, na fundi cherehani ambaye hajapata kuvaa kiatu cha mpira maishani mwake anaeleza kinaganaga kwa nini mshambuliaji fulani angalitolewa mapema. Hapana amwulizaye cheti. Alilipa kiingilio, aliona kwa macho yake mwenyewe, basi ana haki ya kusema. Lakini mchukue mtu huyo huyo umpeleke kutazama mchezo wa kuigiza. Mtokapo ukumbini mwulize ameuonaje. Atakwambia ulikuwa mzuri. Ukimdadisi zaidi atajitetea kwamba mambo hayo yana wasomi wake, kisha ataanza kuulizia daladala.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonituma niwatafute watu wa jukwaani nizungumze nao. Nimeketi na waigizaji na waimbaji, wengine wazee waliokwisha kupumzika, wengine vijana ambao bado wanatafuta jina. Nimeketi pia na watu wanaofanya kazi ya uhakiki wa tamthilia. Niliwauliza wote swali moja: sanaa ya jukwaa inataka nini kwetu sisi tunaokaa vitini? Nilitazamia kusikia habari ya fedha, na fedha waliitaja, maana msanii naye hulipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Hata hivyo kila mmoja wao, kwa njia yake, alifika mahali pale pale. Wanataka tuwaambie tulichokiona.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Dar es Salaam, ambaye alicheza ngoma na kuigiza tangu usichana wake hadi alipokuwa na wajukuu. Vijana wa leo huenda hawaijui hali aliyonisimulia. Katika miaka ya 1980 vikundi vya sanaa vilikuwa vingi jijini, na mwisho wa juma vilifanya maonyesho katika kumbi na kwenye baa za mitaani. Kwa tiketi moja mfanyakazi na familia yake waliona ngoma, sarakasi, vichekesho na igizo refu, na baadaye vikundi vingi vikaongeza taarabu. Igizo lenyewe mara nyingi halikuwa na maandishi. Kiongozi wa kikundi alieleza kisa, kila mchezaji akapewa nafasi yake, na maneno yakapatikana wakati wa mazoezi na papo kwa papo jukwaani. Watazamaji hawakukaa kimya. Walimwonya mke kwamba mumewe yuko mlangoni, walimzomea tajiri mchoyo, na walipofurahi waliinuka kwenda kumtunza mchezaji.

“Mwanangu,” aliniambia mama yule, “sisi tulifundishwa na watu waliolipa kiingilio.”

Akanipa mfano. Katika igizo moja alikuwa mke wa mtu ambaye kila mwisho wa mwezi hulewa mshahara wake wote. Mke huyo hulalamika mbele za watu, wazee wa ukoo huitwa, na mwishowe mke hupiga magoti kuomba radhi kwa kumwaibisha mumewe. Ndivyo kisa kilivyopangwa, nao wakakicheza hivyo majuma kadhaa. Usiku mmoja, alipokuwa anapiga magoti, mama lishe aliyekaa nyuma akasimama na kupaza sauti kwamba anayestahili kupiga magoti ni yule mlevi. Wanawake wengine wakamwunga mkono, kisha na wanaume baadhi yao, na ngoma ikashindwa kuendelea. Mchezaji aliyekuwa mume alisita, akawatazama wazee wa ukoo, akatazama ukumbi, halafu akapiga magoti yeye. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Tangu usiku ule igizo likaishia hivyo, na kiongozi wa kikundi hakuthubutu kulirudisha lilivyokuwa.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mama lishe yule hakuwa ameandika makala wala kusomea sanaa. Alijua maisha yanayoigizwa, akaona mahali ambapo igizo limesema uongo, akalisahihisha. Huo ndio uhakiki, na nauona kuwa wa daraja la juu kabisa.

Mama msanii hakunificha taabu za kazi yake. Baba yake alikaa mwaka mzima bila kuzungumza naye, kwa kuwa mtaani binti wa jukwaani aliitwa mhuni. Malipo yaligawanywa usiku wa manane baada ya gharama za vyombo na usafiri kutolewa, na mara nyingine yalitosha nauli tu. Nilipomwuliza ni kitu gani basi kilichombakiza huko miaka yote ile, alinijibu kwamba mchana hakuna aliyemwomba maoni juu ya jambo lolote, ila usiku watu mia tatu walibishana naye kama mtu mwenye akili timamu.

Kisha yakaja mabadiliko. Mwaka 1994 vituo vya televisheni vya binafsi vilianza kurusha matangazo Tanzania Bara, na haikuchukua muda maigizo yakahamia huko. Katika miaka ya 2000 zikafuata filamu za video, zilizouzwa na kukodishwa mitaani kote. Nisieleweke vibaya. Skrini imewapa wasanii wetu umaarufu ambao jukwaa lisingeweza kuwapa. Steven Kanumba, aliyeanzia katika kikundi cha maigizo kabla ya kuwa nyota wa filamu, alipofariki Aprili 2012 maelfu ya watu walijitokeza kumzika, na wengi wao walilia kama waliofiwa na ndugu. Hayo si mafanikio madogo. Lakini mama yule alinionyesha upande wa pili kwa maneno machache: kamera haikohoi, haicheki, wala haisimami kupinga.

Kijana mmoja anayeigiza katika tamthilia za televisheni alilithibitisha hilo pasipo kujua kwamba nimekwisha kulisikia. Yeye hupokea ujumbe mwingi kwa simu kila sehemu mpya inaporushwa. Watu humsifia shati, humwuliza kama amechumbia, humtania kwa kunenepa. Alikuwa amecheza nafasi ya mtoto aliyemdhulumu mama yake mzazi nyumba ya urithi, na alijiandaa majuma mengi apate kuonyesha jinsi mtu mwema anavyoteleza hatua kwa hatua hadi kuwa mwovu. Katika ujumbe wote aliopokea, hapana hata mmoja uliogusa jambo hilo. Alinieleza kwamba umaarufu huo humwacha na upweke, kama mtu aliyesimulia kisa kirefu mbele ya watu wanaoitazama saa yake ya mkononi.

Nilipeleka maneno hayo kwa mhakiki mmoja, mwalimu wa miaka mingi, nikamwuliza kama si yeye na wenzake waliowatisha watu wa kawaida kwa lugha yao ngumu. Alicheka, akakubali kwamba wamo wahakiki waandikao ili waogopwe. Lakini kwake yeye mhakiki ni mtazamaji aliyejizoeza kuongeza neno moja tu, nalo ni “kwa sababu”. Mtu akisema mchezo umemchosha, hiyo ni habari yake binafsi. Akisema umemchosha kwa sababu mambo yote muhimu yalisimuliwa na mjumbe badala ya kutendeka mbele yetu, sasa mwandishi na mwongozaji wana kitu cha kufanyia kazi.

Tukazungumza juu ya michezo yenye nyimbo, ambayo hupendwa sana na watu wa kwetu kwa kuwa tangu asili hatujui kutenganisha hadithi, wimbo na ngoma. Mwalimu yule ana kipimo chake. Uondoe wimbo katika mchezo, asema, kisha utazame. Kama kisa kinaendelea bila kuhisi pengo, wimbo ule ulikuwa urembo. Kama kisa kinapooza, wimbo ulikuwa mguu wake. Alitaja *Sarafina!*, mchezo wa Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini ulioonyeshwa kwanza Johannesburg mwaka 1987, ukafika Broadway mwaka uliofuata, na ambao familia nyingi za hapa zinaujua kwa filamu yake ya 1992. Ni habari za wanafunzi wa Soweto na kumbukumbu ya mapambano ya mwaka 1976. Ziondoe nyimbo zake, nawe utakuwa umeondoa ushujaa wa watoto wale, maana katika kuimba pamoja ndimo wanamoupata. Kwetu nyumbani alitaja *Nguzo Mama* ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982. Humo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na Bi Msimulizi anatuongoza kwa hadithi na nyimbo. Bila sauti yake, wale wanawake wangekuwa kundi la watu wanaogombana. Kwa sauti yake tunatambua kwamba habari ni yetu sisi.

Nilimwuliza kama wasanii hawachukii kusahihishwa. Alisema wapo wanaochukia, na kwamba sababu moja ni sisi wenyewe. Tumezoea kulichanganya jambo na mtu. Mwigizaji wa kike akicheza vibaya hatusemi kwamba sauti yake haikufika nyuma. Tunasema habari za mwili wake, mavazi yake na nyumba anamolala. Hayo ni masengenyo, hata yakichapwa gazetini kwa wino mweusi. Msanii aliyesengenywa mara kumi hataisikia hata hoja njema ya mara ya kumi na moja. Kwa upande mwingine, sifa za bure nazo hudhuru. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni bora kuliko wote atabaki pale pale alipokuwa siku alipoambiwa hivyo mara ya kwanza.

Mwalimu huyo ndiye aliyenirudisha kwenye habari za majirani zetu wa Kenya, ambazo nadhani kila familia ya wafanyakazi yafaa izijue. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamirithu huko Limuru, si mbali na Nairobi, wanakijiji walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili. Mchezo wao ulikuwa *Ngaahika Ndeenda*, ambao kwa Kiswahili huitwa *Nitaolewa Nikipenda*, ulioandikwa kwa Kigikuyu na Ngũgĩ wa Thiong’o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Unasimulia habari za mkulima maskini na ekari yake moja na nusu, ambayo tajiri ameitolea macho.

Jambo ninalotaka ulione hapo ni namna mchezo ule ulivyokamilishwa. Mazoezi yalifanyika hadharani, na aliyepita njia aliruhusiwa kusimama na kusema. Wazee walisikia mchezaji kijana akimwigiza mzee, wakamkatiza wakimwambia kwamba mtu wa umri ule hazungumzi hivyo. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilichokuwa karibu waliketi wakapiga hesabu ya thamani ya viatu wanavyotengeneza kwa siku moja, wakailinganisha na mishahara yao, wakawaeleza wale ambao hawajapata kufanya kazi kiwandani. Mwanamke mkulima asiyejua kusoma aliwafundisha, neno kwa neno, nyimbo za kujibizana za sherehe ya ndoa, nazo zikaingia mchezoni. Waandishi wale wawili walikuwa wasomi wa vyuo, lakini walikubali kurekebishwa na watu waliokuwa wanawaandikia.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, ukaonyeshwa siku za mwisho wa juma, na watu walitoka mbali kwa mabasi na matatu kuja kuutazama. Majuma sita baadaye kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba mwaka ule ule Ngũgĩ wa Thiong’o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mapema mwaka 1982 kikundi hicho kilijaribu tena kwa mchezo wa nyimbo ulioitwa *Maitũ Njugĩra*, maana yake Mama Niimbie. Walikuta milango ya Jumba la Taifa la Maigizo mjini Nairobi imefungwa. Mazoezi yao katika Chuo Kikuu yakageuka kuwa maonyesho, watu wakafurika, mpaka nayo yakakatazwa. Mwezi Machi jukwaa la Kamirithu likabomolewa.

Hebu tujiulize: ni kitu gani kilichoogopwa kiasi hicho? Kitabu cha mchezo wenyewe kilichapishwa na kuuzwa. Naamini kilichotisha ni watu maelfu walioanza kuzoea kusimama na kusema wazi kwamba hapa si kweli, na hapa ndipo penye kweli. Mtu aliyejifunza kuhoji mchezo kesho atahoji hesabu za ushirika wake, na keshokutwa mshahara wake. Mwezi Mei 2022 *Ngaahika Ndeenda* ilirudi Nairobi, safari hii ndani ya jumba lile lile la taifa. Ngũgĩ wa Thiong’o aliishi kuiona habari hiyo. Alifariki Mei 2025, ughaibuni Marekani, akiwa na umri wa miaka 87.

Kwetu hatuna sababu ya kukaa kimya. Tunazo tamthilia zilizoandikwa kwa lugha yetu wenyewe, na wengi wetu tumezisoma shuleni. Ichukue *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Sote tunajua kwamba Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ni historia, na kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905. Lakini mtunzi ameweka ndani ya mchezo swali ambalo historia haikulijibu. Maji yamewaunganisha watu waliokuwa wametengana, na maji hayo hayazuii risasi. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa na adui aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anaogopa kwamba wajukuu wataambiwa hata sababu ya kupigana ilikuwa uongo. Je, alifanya haki? Mama mmoja aliyeimba katika onyesho la tamthilia hiyo aliniambia kwamba hana jibu mpaka leo, na kwamba siku atakapolipata ataacha kuimba wimbo ule kwa moyo. Swali la namna hiyo ukilipeleka mezani pako wakati wa chakula cha usiku, utashangaa kuona mtoto wa darasa la saba akimshinda mjomba wake kwa hoja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nina maombi machache kwako, na yote yako ndani ya uwezo wa mtu wa mshahara wa kawaida. Mara mbili kwa mwaka, peleka familia yako kuona watu wakiigiza mbele yenu ana kwa ana. Yapo maonyesho ya wanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lipo Tamasha la Bagamoyo, lililoanzishwa mwaka 1982 na chuo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka mmoja kabla yake, chuo ambacho ukumbi wake uliteketea kwa moto mwaka 2002, kikajengewa mwingine, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Na kama hukosi nauli tu bali hata muda, ipo michezo ya shule ya mtoto wako mwenyewe, ambayo wazazi wengi huikimbia mara baada ya hotuba ya mgeni rasmi.

Mchezo ukiisha, usikimbilie mlango. Waigizaji wengi hubaki hapo nje dakika chache wakijifuta jasho, nao watafurahi ukiwaendea. Usiishie kwenye “hongera”. Mwambie mmoja wao jambo moja uliloliamini na jambo moja usiloliamini, na kwa kila moja uongeze lile neno la mwalimu, “kwa sababu”. Njiani mwulize kila mtoto ni wapi alipoona mtu akisema uongo jukwaani, na ni wapi alipotamani kusimama. Usimsahihishe upesi. Mwache ajitetee. Mke naye aulizwe, na bibi pia, maana huenda yeye ndiye pekee katika nyumba anayejua jinsi msiba unavyoimbwa au mahari inavyozungumzwa, na mwandishi kijana angekuwa na mengi ya kujifunza kwake.

Mama msanii niliyemtaja ameacha jukwaa kwa sababu ya magoti, lakini bado huenda kutazama wenzake kila apatapo nauli. Nilimwuliza huwa anatazama nini zaidi, waigizaji au mavazi au ngoma. Alisema huwa anageuka nyuma kuwatazama watu. Akiona mtu amekunja uso na midomo inamchezacheza kana kwamba anataka kusema, hujua kwamba mchezo ule una uhai. Kinachomsikitisha ni kwamba siku hizi mtu huyo humeza maneno yake, akanyanyuka, akaenda nayo nyumbani.